Kilichonunuliwa si jina

Mmeuliza wiki hii: "Kampuni kubwa inapobadilisha jina, mteja anafaidika nini?" Swali limenikera kidogo, kwa sababu linachukulia kwamba jina ndilo jambo lenyewe. La kuuliza ni hili: kampuni ikinunuliwa, ni kitu gani hasa kimebadili mikono?

Chukueni mtandao ule tuliouita majina matatu bila kubadili laini. Celtel, iliyoanzishwa na Mo Ibrahim, iliuzwa mwaka 2005 kwa MTC ya Kuwait kwa takriban dola bilioni 3.4. MTC ikajiita Zain, na Agosti 2008 Celtel za Afrika nazo zikavishwa jina hilo. Mwaka 2010 Bharti ya India ikanunua shughuli za Zain katika nchi 15, biashara ya dola bilioni 10.7, na Novemba yake mabango yakaanza kuandikwa Airtel. Kibanda kilichopakwa rangi ya Zain kilipakwa tena hata miaka mitatu haijatimia.

Sasa tazameni ambacho hakikuguswa. Mnara hujitambulisha kwa tarakimu: 640 ni Tanzania, 05 ni mtandao huo. Simu husoma tarakimu hizo, kisha hutafuta jina la kuandika kwenye kioo: ama lililohifadhiwa ndani ya laini, ama lililo kwenye orodha ya simu yenyewe, ama lililotumwa na mtandao. Ndiyo maana simu ya zamani yaweza kuonyesha jina lililokwisha kufa wakati duka zima limeshabadilishwa rangi. Hapo hakuna hitilafu. Simu isiyopokea jina linalotumwa na mtandao itaendelea hivyo hivyo mpaka mwenyewe abadilishe laini, au simu. Namba, salio na mnara havijui kama kuna sherehe.

Walioligeuza Tigo kuwa Yas Novemba 2024 walilielewa hilo. Tigo Pesa imekuwa Mixx by Yas, lakini menyu bado ni *150*01#. Wangeigusa hiyo, mawakala nchi nzima wangekosea miamala wiki nzima, kwa kuwa vidole vyao haviisomi tena, vinaibonyeza tu.

Jambo jingine ni aina ya ununuzi. Ukinunua hisa, kampuni inabaki ile ile kisheria, pamoja na leseni, mikataba na madeni yake. Ukinunua mali, kila kitu kinahamishwa peke yake. Wakenya waliliona hilo yuMobile, mtandao wao mmoja wa simu, ilipofunga: wateja walikwenda Airtel, mitambo ikaenda Safaricom. Mtu akabaki na namba yake ya 075, lakini mnara uliokuwa ukiibeba ukawa wa mwingine.

Mpaka hapa nilikusudia kusema jina ni rangi tu, gharama ambayo mteja huilipa bila kuiona. Ila nikikumbuka One Network, huduma ya kutumia laini yako nje ya nchi, nalegea. Septemba 2006 Celtel iliunganisha Kenya, Uganda na Tanzania: ukivuka Namanga unapiga kwa bei ya wenyeji, unapokea bure, na vocha ya huko inaingia kwenye laini yako. Kabla ya hapo, kupokea tu simu ukiwa nje kulikula salio. Iliwezekana kwa sababu mitandao yote mitatu ilikuwa na mwenye mali mmoja, na wa Kenya, Kencell, ulikuwa umenunuliwa mwaka 2004 tu. Simu ikipigwa Nairobi, mitambo ya huko inauliza salio Dar na kukata papo hapo, na hakuna kampuni ya pembeni ya kuongeza chake.

Hiyo ni kazi ya umiliki, si ya jina. Lakini dereva wa lori aliyefika Kampala usiku angejuaje kwamba vocha ya dukani pale itaingia kwenye laini ya Arusha, kama isingekuwa imeandikwa Celtel ile ile?

Basi jibu langu, kwa shingo upande: anafaidika, iwapo jina limeunganisha mitandao inayofanya kazi kama mmoja, na iwapo yeye ni mtu wa kuvuka mpaka. Wa Singida asiyekwenda popote hakuongezewa kitu. Na faida yenyewe, mkumbuke, ilikuja enzi ya Celtel, kabla hao wawili waliofuata hawajashika brashi.