Njia ya Miguu na Baiskeli Kando ya Barabara Kuu: Tuanzie Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kijiji chetu kimo katika Wilaya ya Bahi, kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Manyoni na Singida. Watoto wetu hutembea zaidi ya kilomita nne kwenda sekondari ya kata, wakibanana ukingoni mwa lami na akina mama wanaosukuma baiskeli zenye madumu ya maji na vijana wanaopeleka magunia ya mpunga mnadani. Msimu uliopita wa mvua, mtoto wa jirani yangu aligongwa na gari alipokuwa akikwepa dimbwi. Alipona, lakini hadi leo anachechemea. Tumeunda kamati ya kudai njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, tukaandika barua kwa ofisi moja ya barabara wilayani, na huu ni mwezi wa nane hatujajibiwa. Vijana wanataka tuichimbe njia hiyo wenyewe. Wazee wenye vibanda karibu na barabara wanahofia kuvunjiwa. Tufanye nini?
Mjumbe wa kamati, Bahi

JIBU: Ndugu Mjumbe, mpe pole jirani yako na mwanawe.

Nikianza na barua yenu, naona iligonga mlango usio wake. TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 na ambao nadhani ndio mliouandikia, husimamia barabara za wilaya, za vijijini na za mijini, ilhali barabara kuu na barabara za mkoa ni dhamana ya TANROADS, wakala wa taifa wa barabara. Hiyo inayopita kijijini kwenu ni barabara kuu, kwa hiyo ombi liende kwa Meneja wa TANROADS wa Mkoa wa Dodoma, na nakala apelekewe mkurugenzi wa halmashauri, diwani na mbunge wenu. Sisemi kwamba kukaa kimya miezi minane ni haki. Ofisi iliyopokea barua ya wananchi ilipaswa angalau kuwaelekeza.

Ardhi ya njia hiyo ipo tayari. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaipa barabara kuu hifadhi, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, ya mita 60: mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Lami, mabega yake na mitaro huchukua sehemu tu ya upana huo, na ng'ambo ya mtaro, mbali na magurudumu ya malori, ndipo njia ya miguu na baiskeli inapostahili kuwekwa. Mkiandika, ombeni iwe huko, wala msiridhike na kuahidiwa mstari wa rangi kwenye bega la barabara, kwa sababu mstari hauzuii basi linalolipita jingine.

Kinachokosekana katika madai yenu ni ushahidi, na huo hakuna atakayewaletea. Kamati iwaweke watu wawili wenye daftari penye kalavati ambalo kila mtu hulipitia, tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja usiku, waandike kila nusu saa wamepita watoto wangapi, watu wazima wangapi, baiskeli ngapi, na ngapi kati yake zina mzigo. Wafanye hivyo siku ya shule, siku ya mnada, na tena wakati wa mvua, ambapo ukingo huwa tope na watu hulazimika kupanda juu ya lami. Andikeni pia kila ajali mnayoikumbuka, tarehe na mahali, na muulize kituo cha polisi ni zipi zilizoripotiwa. Kisha yote yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, na mtendaji aandike muhtasari wenye mahudhurio na saini. Barua ya kamati inaweza kuchukuliwa kuwa ya watu wachache wenye kero, lakini muhtasari wa mkutano mkuu ni uamuzi wa kijiji, na diwani anaweza kuupeleka kwenye kamati ya maendeleo ya kata, halmashauri, na hatimaye Bodi ya Barabara ya Mkoa. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na mapendekezo ya bajeti huandaliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo barua ya mwezi wa Juni huwa imechelewa.

Juu ya kuchimba wenyewe, nawasihi msifanye hivyo bila kibali cha maandishi. Jembe likiziba mtaro au mdomo wa kalavati, maji ya mvua ya kwanza yatahamia kwenye lami na kuila, na kijiji kitageuka mshtakiwa badala ya mlalamikaji. Hata hivyo, moyo wa vijana hao usipotee: utajeni katika barua kama nguvu kazi ya kufyeka na kusawazisha, chini ya usimamizi wa fundi wa TANROADS.

Wakati mkisubiri, ombeni matuta ya rasharasha na alama za kikomo cha kilomita 50 kwa saa pande zote za kijiji, kwani nguvu ya gari kugonga huongezeka mara nne mwendo unapopanda kutoka kilomita 40 hadi 80. Watoto nao wafundishwe kutembea upande wa kulia, wakiyatazama magari yanayowajia.

Hofu ya wazee haifai kupuuzwa, kwa kuwa wakiikataa njia mkutanoni, muhtasari wenu utakuwa na nyufa. Kabla ya sheria ya 2007, hifadhi ilikuwa mita 22.5 kila upande. Aliyekuwepo kihalali katika mita 7.5 zilizoongezwa ana haki ya kudai fidia eneo lake likitwaliwa. Aliyejenga ndani ya mita 22.5 hana. Chukueni futi kamba, mpime pamoja na kila mwenye kibanda, yeye mwenyewe akishika ncha moja, na kipimo kiandikwe mbele yake kabla ya siku ya mkutano.