Kwa migongo iliyookota korosho

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza kama darasa la yoga la mtaani lina faida ya kweli kwa afya, au ni starehe ya wenye nafasi. Mimi ni mkazi wa Chikongola, Mtwara mjini, na jibu langu ni kwamba faida ipo, tena anayeihitaji kuliko wengi ni mama anayeokota na kubangua korosho.

Kila ninapolitaja jambo hili naambiwa, "Sisi jembe linatutosha." Nawaelewa. Mtu aliyeshinda shambani tangu alfajiri hataki kusikia habari za mazoezi. Lakini tuitazame kazi yenyewe. Korosho huachwa idondoke pamoja na bibo lake, ndipo iokotwe chini. Unainama, unaokota, unainyofoa kwenye bibo, unasogea hatua, unainama tena, kuanzia Oktoba hadi msimu uishe. Ukirudi nyumbani unainamia jiko, kisha unainamia beseni la nguo. Anayebangua naye amekaa kwenye kigoda, shingo chini, mabega yamekuja mbele, mkono mmoja unageuza na mwingine unagonga, huku akijihadhari na utomvu wa ganda usimuunguze vidole. Ni kazi nzito kweli, ila inaukunja mwili upande uleule mwaka hadi mwaka. Nyuma ya mapaja panakaza, kifua kinajifunga, mgongo unachoka. Tazama wanawake wa makamo wakinyanyuka mkekani baada ya shughuli: mkono wa kwanza unakwenda kiunoni.

Yoga inaufungua mwili uliokunjwa hivyo. Darasa letu lilianzia kwenye kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Binti mmoja wa mtaani aliyejifunza yoga Dar es Salaam aliomba apewe nusu saa kabla hatujaanza kuhesabu hisa, nasi tukamkubalia. Tunatandika mikeka uani, madera yetu mwilini, suruali ndani. Zoezi linalopendwa zaidi ni la kupiga magoti na kuweka viganja chini: ukitoa pumzi unainua mgongo kama paka aliyeshtuka, ukivuta unauacha ushuke na kifua kinafunguka. Linafanywa polepole, pumzi ndiyo inayoongoza. Jirani yangu mmoja, bibi wa wajukuu, mwanzoni hakuweza kabisa kushuka mkekani. Binti akamwambia, "Bibi, usijilazimishe, goti likikataa liache," akamsimamisha ukutani, akafanya vilevile huku ameegemeza mikono. Siku hizi anashuka na kunyanyuka mwenyewe, na hilo analisimulia hadi sokoni.

Hoja ya "wenye nafasi" imeshapimwa na watafiti. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Boston, Marekani, uliowahusisha watu 320 wenye maumivu sugu ya kiuno, wengi wao wa kipato cha chini. Waliohudhuria darasa la yoga la pamoja mara moja kwa wiki, kwa wiki 12, walipata nafuu isiyopungua ya wale waliotibiwa na wataalamu wa fiziotherapia. Sisemi yoga ina muujiza kuliko mazoezi mengine ya mgongo. Tafiti zikijumlishwa pamoja, tofauti kati yake na mazoezi hayo ni ndogo au haipo. Ninachokiona mimi ni kwamba mkeka kila nyumba ya huku unao, na darasa moja linachukua watu wengi kwa mwalimu mmoja.

Kuna faida ya pumzi pia. Unapotoa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta, mapigo ya moyo hupungua kasi na mwili unatulia. Wenzetu wenye mawazo mengi, waliofiwa, wanaosubiri malipo ya korosho huku ada ya shule inadaiwa, wanasema usiku wa siku ya darasa wanalala. Kwa presha yoga inasaidia kiasi, na hapa naomba nisikike vizuri: vidonge vya presha au vya sukari visiachwe kwa sababu ya yoga. Mwenye presha kubwa au ugonjwa wa macho wa glakoma asifanye mikao ya kichwa kuwa chini. Mjamzito amwambie mwalimu mapema. Mwalimu asiyeuliza mambo haya kabla ya kuanza, msimwachie miili yenu.

Wapo waliouliza kuhusu dini, na wana haki ya kuuliza. Yoga ilizaliwa India, ndani ya dini na falsafa za huko. Mwaka 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia liliwakataza Waislamu yoga yenye mantra, yaani maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, na ibada za Kihindu, lakini halikuizuia ile ambayo ni mazoezi ya viungo tu. Saudi Arabia nayo iliruhusu yoga kama mchezo mwaka 2017. Kwetu hakuna mantra wala sanamu. Tuko wanawake peke yetu, tunajinyoosha na kupumua, tunakunja mikeka.

Mtu anaweza kujifunza haya peke yake kwenye simu, ila wengi wanaoanza hivyo huacha. Darasani usipoonekana unapigiwa: "Mama, vipi, mzima?" Ukitaja kizunguzungu, kuna mtu atakusindikiza kupima presha. Kuna wajane mtaani ambao kutwa nzima hawazungumzi na mtu ila muuza samaki, na kwao nusu saa hii ina uzito ambao kipimo cha presha hakiwezi kuuonyesha.

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi ya kujikinga na magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Siku hiyo vijana wanakimbia jogingi, na nawapongeza. Ila bibi wa magoti mabovu atakimbilia wapi? Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kulinda mizani ya mwili siku 3 au zaidi kwa wiki ili wasianguke ovyo, na kusimama kwa mguu mmoja ukiwa umeshika ukuta ni mojawapo. Kwa hiyo ombi langu kwa Manispaa ya Mtwara Mikindani ni kwamba, mazoezi ya pamoja yatakapofanyika uwanja wa Nangwanda Sijaona, watutengee kona moja yenye kivuli na mwalimu mwenye mafunzo. Mikeka tutakuja nayo wenyewe.

Msomaji wenu,
Chikongola, Mtwara