Maswali ya Wasomaji: Kontena Linalokula Bando

SWALI: Ndugu mhariri, shikamoo. Mimi ni msanidi programu hapa Pasua, Moshi, na ninaandika mfumo wa kupokelea kahawa kwa chama kimoja cha msingi. Tangu nianze kutumia Docker (programu inayoendesha mifumo ndani ya makontena, yaani mazingira yaliyotengwa yenye kila kitu mfumo unachohitaji), kila nikibadilisha mstari mmoja wa msimbo ninasubiri dakika 12 imeji (kifurushi ambacho kontena huwashwa kutoka kwacho) ijengwe upya, na maktaba zote zinapakuliwa tena kwa bando langu. Juzi nimefuta kontena la hifadhidata ya PostgreSQL ili nipate nafasi kwenye diski, na rekodi za majaribio za wiki tatu zikapotea. Ninakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Nianze na rekodi, kwa sababu huenda bado zipo. Kontena likifutwa, kilichoandikwa ndani yake hufutika nalo, ila imeji rasmi ya PostgreSQL hujitengea voliumu, yaani hifadhi ya data iliyo nje ya kontena, hata kama hukuiagiza, na voliumu hiyo hubaki isipokuwa kama ulifuta kwa kuongeza -v au uliliwasha kontena kwa --rm, ambayo hulifuta lenyewe likizimwa. Andika docker volume ls, kisha utafute jina refu lisilosomeka, la herufi na tarakimu 64. Ukiliona, lipachike kwenye kontena jipya la toleo lile lile la PostgreSQL, katika njia /var/lib/postgresql/data. Kuanzia imeji ya toleo la 18 njia hiyo imekuwa /var/lib/postgresql, na wengi huikosea. Siku nyingine ipe voliumu jina unalolijua mwenyewe tangu mwanzo, na uwe mwangalifu na docker compose down -v, kwa maana hiyo hufuta hata voliumu zenye majina.

Kuhusu dakika 12, imeji hujengwa kwa matabaka, na Docker hulitumia tena tabaka la zamani maadamu agizo lake na mafaili yanayonakiliwa humo hayajabadilika. Likibadilika moja, yote yanayolifuata hujengwa upya. Bila shaka Dockerfile yako (faili la maagizo ya kujenga imeji) inanakili folda nzima kwanza ndipo isakinishe maktaba, kwa hiyo hata ukigusa nukta moja ya msimbo, usakinishaji unarudiwa wote. Geuza mpangilio. Kwa anayetumia Node.js, mistari inayohusika ni hii:

COPY package*.json ./
RUN npm ci
COPY . .

Maktaba sasa zitapakuliwa tena pale tu orodha yake inapobadilika, jambo ambalo katika mradi wa kawaida halitokei kila siku. Ongeza pia faili la .dockerignore, linaloorodhesha visivyonakiliwa, lenye node_modules na .git, la sivyo mstari wa tatu utabeba mizigo isiyohitajika. Na wakati wa kuandika msimbo usijenge imeji kabisa: pachika folda ya mradi ndani ya kontena, ili unachohifadhi kwenye kihariri kionekane humo papo hapo.

Kuhusu diski, tazama kwanza docker system df ikuoneshe nafasi imeliwa na nini, kwa kuwa mara nyingi walaji ni imeji za zamani na kache ya ujenzi (matabaka yaliyotunzwa ili yatumike tena), si makontena. Amri ya docker system prune husafisha sehemu kubwa ya hayo na kwa kawaida haigusi voliumu. Ungeianza hiyo kontena lako la PostgreSQL likiwa linawaka, rekodi zako zisingekuwa hatarini.

SWALI: Tuko watatu katika ofisi moja Sakina, Arusha, na kila mmoja anapakua imeji zile zile kwa intaneti yake. Hakuna njia ya kugawana?

JIBU: Ipo, tena ni ya flashi. Mmoja wenu apakue, kisha aandike docker save -o imeji.tar na jina la imeji. Wenzake wawili wataipokea kwa docker load -i imeji.tar bila kutumia hata kilobaiti ya bando. Hakikisheni tu kwamba kompyuta zenu zina prosesa za jamii moja, kwa kuwa imeji iliyopakuliwa kwenye Mac yenye chipu ya Apple kwa kawaida huwa ya arm64 (jamii ya prosesa za ARM), nayo kwenye kompyuta ya Intel huenda isiwake. Andikeni pia namba kamili ya toleo badala ya kutegemea lebo ya latest, ambayo Docker huitumia usipotaja toleo, maana imeji mbili zenye lebo hiyo, zilizopakuliwa miezi tofauti, zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa.