Louisville imeanzaje?

We uliyeuliza kwa nini mji wa Louisville, ulioko jimbo la Kentucky Marekani, umewekwa palepale, jibu ni mto tu ndugu yangu. Mto Ohio ni mrefu na meli zilikuwa zinapita vizuri, ila hapo kuna miamba na maji yanashuka kama mita 8 hivi ndani ya kilomita chache, sasa boti zikifika ikabidi mizigo ishushwe, ibebwe nchi kavu mpaka chini ya miamba halafu ipakiwe tena, na penye kupakua na kupakia watu lazima wajenge, wauze chakula, wafungue magodauni. George Rogers Clark, ofisa wa jeshi, alifika na walowezi 1778, jina wakachukua la mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa maana alikuwa anawasaidia Wamarekani kupigana na Mwingereza. Mfereji wa kukwepa miamba ulifunguliwa 1830.

Ila kuna kitu watu wanakiruka na mimi naona ndo kikubwa kabisa: Kentucky ilikuwa jimbo la utumwa, ng'ambo ya mto Indiana hakuna utumwa, yaani mtu anauona uhuru kwa macho yake na wapo waliovuka usiku wakihatarisha maisha, huku wengine wanauzwa hapohapo mjini na kusafirishwa kusini kwenye mashamba ya pamba. Usisome habari za mbio za farasi zilizoupa mji huo umaarufu ukaacha hiyo.

Bondia Muhammad Ali kazaliwa hapo 1942. Na siku hizi Wakongo wamejaa, Kiswahili utakisikia sana tu.