Saa ya kompyuta kurudi nyuma ukitoka Ubuntu kwenda Windows

Pole, ndugu yangu. Umesema kompyuta yako ina mifumo miwili, Ubuntu na Windows, na kila ukitoka Ubuntu ukafungua Windows, saa inarudi nyuma masaa matatu, na fundi hapo Kondele anataka ununue betri mpya ya saa ya kompyuta. Tafadhali usinunue bado. Betri ikifa, saa hupotea ovyo, mara nyingi hata tarehe inaruka miaka nyuma. Yako inakosea masaa matatu yale yale, na hiyo ndiyo tofauti kati ya Kenya na saa ya dunia, UTC.

Kompyuta ina saa moja tu ndani ya ubao mama. Ubuntu huiandika kwa UTC, kisha inaongeza matatu ikikuonyesha. Windows huisoma kama saa ya hapa hapa Kisumu. Kwa hiyo saa nne asubuhi, Windows inakuambia ni saa moja.

Ingia Ubuntu, hakikisha eneo la saa ni Africa/Nairobi na saa iko sawa, kisha andika kwenye terminali (dirisha la kuandika amri) amri hii, ili Ubuntu nayo iandike saa ya hapa:

sudo timedatectl set-local-rtc 1

Itakutolea onyo kuhusu nchi zinazobadilisha saa kwa misimu. Kenya hatubadilishi, kwa hiyo endelea tu. Kuna njia ya kubadilisha rejista ya Windows (registry, yaani hifadhi ya mipangilio yake ya ndani) badala yake, lakini ukikosea humo unaweza kuharibu mengi. Mimi singekushauri uanzie huko. Na usifanye zote mbili, zitapingana tena.

Ukirudi Windows, chagua eneo la Nairobi, washa saa ijirekebishe kwa intaneti, halafu zima na uwashe mara mbili ukiangalia.