Klachi nzito ya Boxster: tabia ya gari au ugonjwa?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nimepata Porsche Boxster ya mwaka 2001, injini ya lita 2.7, gia za mkono, imetembea kilomita 140,000. Nimeliendesha kwa robo saa hivi. Injini inavuta vizuri, lakini pedali ya klachi ni ngumu kuliko ya gari lolote nililowahi kuendesha, na inashika pedali ikiwa imekaribia juu kabisa. Muuzaji anasema magari ya spoti ndivyo yalivyo, nitazoea. Sijawahi kumiliki gari la spoti, sina cha kulinganisha nacho. Nitajuaje kama klachi ni nzima kabla sijatoa pesa?

Jibu: Ndugu yangu, muuzaji amekupa nusu ya ukweli. Injini yenye nguvu inahitaji klachi inayobana kwa nguvu, na nguvu hiyo utaisikia mguuni. Lakini Boxster yako ina nguvu farasi 220 hivi. Hiyo si injini ya kukuumiza paja kwenye foleni. Klachi nzima ya gari hilo ni imara, inakupa taarifa mguuni, lakini haichoshi. Kama ulishuka na mguu wa kushoto umechoka baada ya robo saa tu, mimi naanza kushuku.

Sababu yake iko ndani. Presha pleti, yaani bamba linaloibana sahani ya klachi, ina springi yenye umbo la sahani, imekatwa vidole vinavyoelekea katikati. Ukikanyaga pedali, beringi ya klachi inasukuma vile vidole na sahani ya klachi inaachiwa. Sahani ikiwa mpya ni nene, na springi inakaa kwenye mkao iliyoundiwa. Kadiri sahani inavyolika, presha pleti inazidi kusogea kuelekea flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalozungushwa na injini, vidole vinasimama, na kuvisukuma kunataka nguvu zaidi. Ndiyo maana kwenye magari mengi ya aina hii klachi inayokaribia mwisho huwa nzito, wakati watu wengi wanadhani klachi iliyochoka inakuwa laini. Tena uzito huo unaingia kidogo kidogo kwa miaka. Huenda muuzaji wako hadanganyi kabisa, mguu wake umeshazoea.

Kuhusu kushika juu, usilihukumu gari kwa hilo peke yake. Kwenye klachi za waya, sahani ikilika sehemu ya kushika inapanda na unaweza kuisoma kama kipimo. Klachi ya Boxster haina waya, inasukumwa kwa mafuta ya breki, na mfumo wa mafuta unajirekebisha wenyewe kwa sehemu kubwa. Kushika juu peke yake ningekuacha ukazoee. Kushika juu pamoja na uzito, hapo lazima lijaribiwe upya, na robo saa haitoshi. Omba nusu saa au zaidi, na umwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Shika boneti kwa kiganja. Boxster injini iko nyuma ya viti, kwa hiyo shika kifuniko cha nyuma pia. Kikiwa na joto, mtu ameshalitembeza.

Vaa kiatu chembamba. Kabla ya kuwasha, weka kisigino sakafuni na ukanyage pedali polepole kabisa, mara tatu, kwa mbele ya mguu. Nataka usikie njia nzima: mwanzo kuna uwazi mdogo, kisha uzito unajengeka, kisha ukipita katikati unapungua kidogo. Gari hili lina springi ya msaada kwenye pedali, kwa hiyo kulegea kule mwishoni ni kwa kawaida. Kisichokuwa cha kawaida ni kukwaruza, kama unakanyaga juu ya mchanga, au kukwama sehemu moja halafu kuruka. Hapo uma wa klachi, yaani mkono unaosukuma beringi, au njia ya beringi imekauka na kulika. Ukisikia pedali ni kama sponji, na ukiikanyaga haraka haraka inaanza kushika juu zaidi, kuna hewa kwenye mafuta au masta silinda, ile pampu ya pedali, imechoka. Na pedali ikibaki chini isirudi, usitoke barabarani nalo.

Fungua boneti ya mbele uangalie chupa ya mafuta ya breki. Klachi inakunywa kutoka chupa hiyo hiyo. Mafuta mazuri ni ya njano ya kung'aa. Yakiwa meusi kama kahawa, hayajabadilishwa miaka mingi, na mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. Unyevu huo utauona baadaye, gari likipata moto.

Washa, acha injini kwenye silensa, yaani ingurume bila kukanyaga mafuta, gia huru, madirisha wazi. Sikiliza. Kanyaga klachi hadi chini, sikiliza tena. Mlio unaoanza unapokanyaga ni wa beringi ya klachi. Mlio uliopo mguu ukiwa juu na unaopotea unapokanyaga unatoka upande wa giaboksi au flaiwili. Boxster ilitoka kiwandani na flaiwili ya vipande viwili yenye springi katikati, ikichoka inagongagonga. Lakini kama mtu ameweka flaiwili nyepesi ya kipande kimoja, giaboksi italia kama kopo lenye kokoto na hakuna kilichoharibika. Uliza, usikisie.

Hapo hapo kwenye silensa, angalia mshale wa mizunguko unapokanyaga. Kushuka kidogo si neno. Kushuka sana, au injini kutaka kuzima, kunaonyesha kranki, shafti kuu ya injini, inasukumwa mbele kupita kiasi. Boxster haisifiki kwa hilo, ila wanaotafuta magari ya spoti ya zamani kama Triumph Spitfire au TR6 wasiruke hatua hii: mwambie mwenzako akanyage klachi injini ikiwa imezimwa, wewe tazama puli ya mbele. Ikicheza mbele na nyuma kwa macho, washa za kranki, zile pete zinazoizuia kucheza mbele na nyuma, zimekwisha, na hilo ni tatizo la injini, klachi imekusaidia tu kuliona.

Sasa ondoka. Kwenye tambarare, gia ya kwanza, achia klachi polepole bila kukanyaga mafuta. Gari lianze kusogea taratibu bila kutetemeka. Likitetemeka likiwa baridi tu kisha likaacha, nisingekimbia. Likizidi kutetemeka kadiri linavyopata moto, kuna mafuta yameingia kwenye sahani au flaiwili imeungua. Niliwahi kushusha giaboksi ya gari la mteja aliyelalamikia kutetemeka kwa miezi. Sahani ilikuwa imelika hadi karibu na riveti, na flaiwili ilikuwa na madoa ya bluu kama chuma kilichotoka kwenye tanuri. Mwenyewe alikuwa amebadilisha mikono inayoshikilia injini mara mbili akidhani kosa liko huko.

Kipimo cha kuteleza ndicho ninachokiamini kuliko vyote, na hapa usione haya. Injini ikishapata moto, barabara ikiwa wazi, weka gia ya nne kwenye spidi ya 60 hivi, mizunguko karibu 2,000, kisha kanyaga mafuta hadi mwisho. Mshale wa mizunguko na wa spidi ipande pamoja, kama watu wawili waliobeba mzigo mmoja. Mizunguko ikiruka mbele halafu spidi ikabaki nyuma, hata kwa sekunde moja, klachi inateleza. Rudia kwenye gia ya tano, ukipata kilima kidogo ni bora zaidi. Usijaribu kwenye gia ya kwanza au ya pili, kwa sababu hapo injini haipati mzigo wa kutosha na klachi mbovu inaweza kupita. Na ile ya kuvuta hendibreki, kuweka gia ya tatu na kuachia klachi, siipendi. Unaweza kuimaliza klachi ya mtu ambayo ilikuwa imebakiza miezi.

Tafuta foleni, au zunguka mahali pa kusimama na kuondoka kwa dakika kumi. Halafu sikiliza tena pale klachi inaposhika. Klachi nzima inashika pale pale iliposhika asubuhi. Ikihama kuelekea sakafuni, yale mafuta yenye unyevu yanachemka au silinda inavuja kwa ndani. Simama, kanyaga hadi chini, hesabu hadi tano, kisha ingiza rivasi. Ikisaga baada ya kusubiri hivyo, klachi haiachii yote. Hii unaweza kukuta ni kazi ya silinda na mafuta tu, sahani ikiwa na uhai mrefu, kwa hiyo usikate tamaa mapema.

Swali moja zaidi kwa muuzaji: klachi iliyomo ni ya aina ya kiwandani? Wapo wanaoweka presha pleti ya mashindano, na hiyo ni nzito tangu siku ya kwanza. Ukiona inashika ghafla kama swichi, haina nafasi ya kuicheza, hiyo huenda ni ya seramiki. Haitateleza kwenye kipimo changu cha gia ya nne, lakini foleni itakutesa, na pia utajua gari limetumiwa vipi. Risiti ikionyesha kitu hicho, uzito ule umepata maelezo.

Ukimpata mwenye Boxster nyingine ya miaka ile ambaye klachi yake imebadilishwa karibuni, mwombe ukanyage tu, hata bila kuondoka. Dakika moja hapo itakufundisha kuliko aya zangu zote, maana mguu hukumbuka uzito uliousikia muda mfupi uliopita.

Ikithibitika imekwisha, usiliache gari kwa sababu hiyo pekee. Klachi ni kitu cha kulika kama tairi, na gharama kubwa iko kwenye kushusha giaboksi. Lakini kwenye injini hii, giaboksi, klachi na flaiwili vikishatoka, unakutana na vitu viwili ambavyo mwenye Boxster lazima avijue: oilsili ya nyuma ya kranki, yaani mpira unaozuia oili, ambayo ina sifa ya kuvuja, na beringi ya shafti ya kati, ile ambayo ikivunjika inaua injini nzima. Zote zinafikiwa kutokea hapo. Kwa hiyo mwulize kama beringi hiyo imewahi kubadilishwa, lini, na karatasi ziko wapi. Akijibu hapana, piga hesabu ya klachi kamili, oilsili, beringi na ufundi wa mara moja, umkate kiasi hicho kwenye bei. Akikataa kupunguza na klachi inateleza, mrudishie funguo.