Siti skani mbili za tumbo kwa mwaka: kuna hatari kiasi gani?

Mkuu, umeuliza kama siti skani mbili za tumbo ulizopigwa mwaka huu zitakuletea saratani, maana mmoja kakwambia ni sumu, mwingine kasema ni sawa na eksirei tu. Mimi nafanya kazi chumba cha eksirei, beji ya kupimia mionzi haitoki kifuani, na swali hili lilinikera mpaka nikakaa kulisoma.

Uliza kwanza ni milisiveti ngapi, yaani kipimo cha dozi ya mionzi mwilini. Ardhi, anga, chakula na gesi ya radoni humpa binadamu wastani wa 2.4 kwa mwaka. Eksirei ya kifua ni kama 0.1 au chini ya hapo. Siti skani moja ya tumbo ni kama 8 hadi 10. Huyo wa "sawa na eksirei" kakudanganya.

Ripoti ya wanasayansi wa Marekani kuhusu madhara ya mionzi ya dozi ndogo, BEIR VII (2006), ilikadiria hivi: watu 100 wakipata milisiveti 100 kila mmoja, 1 ataugua saratani kwa sababu hiyo, na 42 wataugua kwa sababu nyingine kabisa. Shusha dozi hadi 10, inakuwa 1 kati ya 1,000, na wengine 420 wangeugua tu. Huyo mmoja utamjuaje? Saratani haina mhuri wa ilikotoka.

Ndiyo maana ubishi hauishi. Swali ni kama mionzi ya kidogo kidogo nayo huleta saratani. Manusura wa mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki waliugua saratani zaidi, lakini wao walipata mionzi kwa mkupuo. Kerala, India, mchanga wa pwani una mionzi mingi ya asili, lakini wakazi waliochunguzwa hawakuonekana kuugua saratani zaidi. Ila wafanyakazi wa nyuklia zaidi ya 300,000 wa Ufaransa, Uingereza na Marekani walipofuatiliwa, saratani zilipanda kadiri dozi ilivyopanda, japo waliipata kidogo kidogo. Mimi hao ndio walionishawishi, na koti la madini ya risasi la kuzuia mionzi silivui.

Zako mbili ni kama 20, takriban 1 kati ya 500. Kama daktari alikuwa na jambo la kutafuta, usijute. Akiandika ya tatu, muulize kama ultrasaundi itatosha, maana haina mionzi kabisa. Kwa mtoto uliza mara mbili, mwili unaokua huathirika zaidi. Na CD ya picha za mwanzo nenda nayo. Nimeona watu wakipigwa upya kwa sababu tu imebaki nyumbani.